Uchambuzi: Mgeni hahesabiwi, na mashua haijui adabu

ORABA, Koboko – Katika kituo cha mpaka cha Oraba, ambako barabara itokayo Arua na Koboko huvuka kuingia Kaya, Sudan Kusini, hesabu ni sehemu ya maisha. Lori haliendi mbele bila karatasi za shehena. Msafiri huonyesha kitambulisho, na jina lake huandikwa. Wachuuzi wa hapa wanajua kuwa gunia moja lisilo kwenye orodha laweza kuwapotezea siku nzima.

Mtu huyohuyo akiteremka hadi Mto Nile, Obongi, Laropi au Panyimur, anakuta desturi nyingine. Ukiviacha vivuko vya serikali vinavyobeba magari na watu, mashua ya mbao yenye injini ya kupachika huondoka ikijaa, na kujaa kwenyewe hupimwa kwa jicho. Hakuna daftari. Ikitokea ajali, idadi ya waliokuwamo hujulikana kwa kuuliza nyumba hadi nyumba ni nani hajarudi.

Uchambuzi huu hauhusu usafiri wote wa majini. Unahusu aina moja inayosahaulika kila mjadala wa usalama unapoanza: safari ya pamoja ya furaha. Kundi la marafiki, timu ya mpira na mashabiki wake, jamaa wa bwana harusi, wanachama wa klabu. Hawa hawaendi majini kwa kukosa njia nyingine. Wanakwenda kwa sababu siku ni nzuri na wako pamoja. Msimu wa sikukuu ndio wakati wao, na kumbukumbu za Uganda zinaonyesha kuwa ndio wakati wa baadhi ya misiba mibaya zaidi.

Krismasi na Novemba

Jumapili ya tarehe 25 Desemba 2016, vijana wa kijiji cha Kaweibanda, wilayani Buliisa, walipanda mashua katika Ziwa Albert pamoja na mashabiki wao, wakielekea upande wa Hoima kucheza mechi ya kirafiki ya Krismasi. Walikuwa watu wapatao 45. Mashua ilipinduka na takriban watu 30 walifariki. Polisi wa eneo hilo walieleza kuwa ziwa lilikuwa shwari. Abiria walikuwa wakishangilia kwa filimbi, vuvuzela na madebe, na uzito ukahamia upande mmoja.

Hakukuwa na dhoruba wala upepo, na mwamba haukugongwa. Ilikuwa timu inayokwenda kucheza mpira.

Miaka miwili baadaye, Jumamosi ya tarehe 24 Novemba 2018, ikawa zamu ya Ziwa Victoria. Mashua iliyoitwa MV Templar ilikuwa katika safari ya starehe ya wikendi, muziki ukipigwa, ilipozama karibu na ufuko wa Mutima, wilaya ya Mukono, si mbali na nchi kavu. Waliofariki walizidi 30. Mmiliki wa mashua na mkewe walikuwa miongoni mwao. Mmoja wa waliookolewa alikuwa Mwanamfalme David Wasajja wa Buganda, na hilo liliifanya ajali hiyo izungumzwe nchi nzima kwa namna ambayo ajali ya Kaweibanda haikuzungumzwa.

Serikali ilisema mashua hiyo haikuwa na leseni na ilikuwa mbovu. Polisi walisema ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, na kwamba iliundwa kwa ajili ya watu wapatao 50. Walikuwamo wangapi hasa? Taarifa za mwanzo zilitaja zaidi ya 90, za baadaye zaidi ya 100. Wapiga mbizi waliendelea kutafuta miili kwa siku kadhaa bila kuwa na orodha ya kuwaambia ni lini wamemaliza. Wavuvi waliofika kuokoa nao walipata taabu, kwani polisi walieleza kuwa baadhi ya mashua zao zilipinduka baada ya watu wengi kuzikimbilia kwa pamoja.

Miezi miwili tu kabla ya hapo, tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilikuwa kimepinduka karibu na gati la Ukara nchini Tanzania na kuua watu 228, ilhali uwezo wake ulikuwa watu 101. Kanda nzima ya Maziwa Makuu ilikuwa imekwisha kuzungumza juu ya kujaza kupita kiasi. Redio zilirudia ujumbe na viongozi waliagiza ukaguzi. Hata hivyo MV Templar iliondoka ufukweni. Somo la Ukara halikuonekana kuwahusu watu waliokuwa wakienda kufurahi.

Abiria na mgeni

Kwa mtu anayefanya kazi ya kutafsiri habari, tofauti huonekana kwanza katika maneno. Neno abiria limetokana na kuabiri, yaani kuvuka au kusafiri kwa chombo. Abiria ana nauli, ana tiketi, na mwenye chombo anamjua kama hesabu. Taarifa za ajali hutumia neno hilo kwa kila mtu aliyekuwamo. Lakini waliokuwa ndani ya MV Templar na wale wa Kaweibanda, kwa maana ya kawaida ya lugha, hawakuwa abiria. Walikuwa wageni na wenzao.

Katika mila zetu mgeni hahesabiwi. Mwenyeji anayesimama mlangoni na kuwaambia walioalikwa kwamba nafasi imejaa, wengine warudi makwao, ameaibika yeye na ukoo wake. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sherehe ikijaa kupita kiasi, hilo ni sifa kwa aliyeiandaa. Chakula kikipungua, watoto hula mwisho. Viti vikipungua, vijana husimama.

Tatizo ni kwamba mashua haina utaratibu wa namna hiyo. Haiwezi kusongeza watu kidogo. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya watu 50 waliokaa hubadilika tabia kikiwa na 90 waliosimama. Mtu anaposimama, uzito wake hupanda juu pamoja naye, na chombo huwa chepesi kuyumba. Wakikimbilia upande mmoja kuangalia kitu au kupiga picha, ukingo hushuka na maji huanza kuingia. Maji yaliyoingia ndani hayatulii. Hukimbilia upande ule ule ulioinama na kuuongezea uzito, hata nahodha hodari akakosa la kufanya. Kuanzia hapo ni suala la dakika chache.

Hapa ndipo penye kosa katika namna tunavyojadili usalama wa majini. Tumezoea kuamini kwamba kila mashua inayojazwa kupita kiasi hujazwa kwa tamaa ya fedha, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Katika ajali ya Machi 2014 kwenye Ziwa Albert, zaidi ya wakimbizi 100 wa Kongo waliokuwa wakirejea makwao kutoka Uganda walikufa katika chombo kilichobeba watu na mizigo kupita kiasi. Hao walikuwa abiria kwa maana kamili, waliobanwa na hali. Dawa ya ugonjwa huo inajulikana: tiketi, ukaguzi, faini, na vivuko salama vya bei nafuu au vya bure.

Ugonjwa wa Kaweibanda ni mwingine. Hata kama hakuna anayepata faida kwa kila kichwa kinachoongezeka, chombo bado hujaa, kwa sababu hakuna mtu anayejiona ana haki ya kumshusha mwenzake. Faini haimfikii mtu wa namna hiyo kabla ya safari, kwani hajioni kuwa mfanyabiashara wa usafiri. Na katika ajali ya Mukono mwenyeji hakuponea pwani wakati wageni wake wakizama. Alikufa pamoja nao. Aliyepanda chombo chake mwenyewe na mkewe hakuwa amepanga kumdhuru mtu.

Klabu hufanya nini

Kuna watu ambao hufanya safari za pamoja za starehe majini kila mwaka, na kwa kawaida hurudi wote. Vilabu vya mashua, kama vile Entebbe Sailing Club na Victoria Nyanza Sailing Club hapa Uganda, au Mombasa Yacht Club na Dar es Salaam Yacht Club katika mwambao wa bahari, vina historia ndefu ya kwenda majini kwa makundi. Vilabu hivi vina sura ya watu wenye uwezo, na vingi vilianza enzi za ukoloni kwa ajili ya wachache. Msomaji wa Koboko ana haki ya kuuliza vinamhusu nini. Vinamhusu kwa sababu utaratibu wao mwingi hauhitaji fedha.

Tuchukue safari ya pamoja ya kufuata pwani, yenye mashua za matanga na za injini. Kwa desturi ya vilabu duniani, safari hiyo huanza siku kadhaa kabla ya kuondoka, kwa karatasi. Kila mashua huandikisha jina lake, nahodha wake na watu watakaokuwamo. Nakala hubaki nchi kavu kwa mtu ambaye haendi safari, na ambaye anajua ni saa ngapi apige simu kwa waokoaji ikiwa hajasikia lolote. Asubuhi ya safari kuna mkutano mfupi ufukweni. Utabiri wa hali ya hewa husomwa na bandari za kukimbilia hutajwa. Mwendo hupangwa kwa kufuata mashua iliyo nzito kuliko zote, kwani mashua ya tanga isipopata upepo haiwezi kushindana na injini. Moja ya mashua za injini hubaki nyuma kabisa, na kazi yake ni kuhakikisha hakuna aliyeachwa, na kumvuta kwa kamba aliyekwama.

Mambo haya mengi ni daftari, saa na simu. Timu ya mpira ya kijiji inaweza kuyafanya.

Lakini kilicho muhimu zaidi hakiko katika orodha. Ni kwamba klabu imemteua mtu mmoja ambaye akisema hatuondoki, safari huahirishwa, na hakuna anayechukia. Katika mashindano ya matanga mtu huyo hupandisha bendera yenye mistari ya wima ya rangi nyekundu na nyeupe, na mashindano hayaanzi mpaka ishushwe. Hagombezwi kwa kuharibu sherehe. Kuharibu sherehe inapobidi ndiyo kazi aliyopewa na wenzake, nao walikubali kabla hawajajua kama hali itakuwa nzuri au mbaya. Kwa maneno mengine, klabu imeondoa aibu. Anayehesabu watu amepewa jukumu, kwa hiyo haonekani mkosefu wa adabu.

Ni rahisi kuvipamba vilabu kupita kiasi, na hilo lingekuwa kosa. Agosti 1979, katika mashindano ya Fastnet kati ya Uingereza na Ireland, mashua 303 zilianza na dhoruba ikaua mabaharia 15. Desemba 1998, katika mashindano ya kutoka Sydney hadi Hobart nchini Australia, mashua 115 zilianza na mabaharia 6 wakafariki. Waliokufa walikuwa na uzoefu, na vyombo vyao vilikuwa na vifaa ambavyo hapa huonekana mara chache. Katika kisa cha Australia, uchunguzi wa vifo uliokamilika mwaka 2000 uliwalaumu vikali waandalizi wa mashindano kwa kulikwepa jukumu lao dhoruba ilipokuwa ikikua. Wao walikuwa wameegemea kanuni ya zamani ya mchezo huo, kwamba uamuzi wa kuendelea au kuacha ni wa kila nahodha.

Kanuni hiyo bado ipo na ina mantiki yake, kwa kuwa nahodha ndiye anayekijua chombo chake. Ila uchunguzi ule ulionyesha udhaifu wake. Kila mmoja anapoachiwa uamuzi wake mwenyewe, kila mmoja humtazama jirani yake, na akiona jirani anaendelea, naye huendelea. Kundi zima hujikuta mahali ambapo pengine hakuna hata mmoja angelifika peke yake. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika safari ya kundi hatari ni pana zaidi: manahodha huwa wengi na mwenye kauli hayupo.

Samaki anapimwa

Uganda si nchi isiyoweza kudhibiti maziwa yake. Mwaka 2017 jeshi liliingia majini kupambana na uvuvi haramu. Katika Ziwa Victoria mashua ya uvuvi yenye urefu chini ya futi 28 imekuwa ikikamatwa, na sangara aliye chini ya inchi 20 haruhusiwi kuvuliwa. Askari wameonekana na rula mkononi. Operesheni hiyo imezua malalamiko mengi ya matumizi ya nguvu, na wavuvi wengi wadogo wamepoteza vyombo vyao. Lakini imethibitisha jambo moja: serikali ikiamua kupima, hupima. Samaki anapimwa kwa inchi. Binadamu anayepanda mashua katika mwalo huohuo hahesabiwi.

Baada ya ajali ya Mukono, mabadiliko yalikuja kwa upande wa sheria. Bunge lilipitisha Sheria ya Usafiri wa Majini ya mwaka 2021, iliyokusanya mahali pamoja masuala ya usajili wa vyombo, ukaguzi, leseni za manahodha na uchunguzi wa ajali, chini ya Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi. Ilichukua nafasi ya sheria zilizopitwa na wakati. Katika Ziwa Victoria, Uganda na Tanzania zimekuwa na mradi wa pamoja wa mawasiliano na uokoaji unaofadhiliwa kwa kiasi kikubwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Utabiri wa hali ya hewa kwa ajili ya wavuvi na wasafiri wa ziwa hilo nao umeboreshwa kwa msaada wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kufuatia makadirio yanayotajwa mara kwa mara kuwa ziwa hilo huua hadi watu 5,000 kwa mwaka.

Hizi ni hatua za kweli. Tazama, hata hivyo, jina linalojirudia: Victoria. Ziwa Albert, lenye urefu wa kilomita 160 hivi, limelala katika Bonde la Ufa na milima mirefu upande wa Kongo, na wavuvi wake wanajua upepo wake usivyopiga hodi. Mto Nile unaotoka humo kuelekea Pakwach, Rhino Camp na Laropi ndio mto wa Nile Magharibi. Wakazi wa mkoa huu wana haki ya kuuliza ni lini utabiri wa aina hiyo na vituo vya uokoaji vitawafikia wao.

Tofauti nyingine iko kwenye maji yaleyale. Juu kidogo, Paraa, katika hifadhi ya Maporomoko ya Murchison, watalii hupanda mashua kwenda kutazama maporomoko. Hununua tiketi, huvaa jaketi za kujiokolea, na husikiliza maelekezo kabla injini haijawashwa. Mto huo huingia Ziwa Albert na kutoka tena karibu na Panyimur. Kati ya mahali hapo pawili umbali si mkubwa, wala maji hayakubadilika. Kilichobadilika ni kwamba Paraa mgeni na abiria ni mtu mmoja. Amekaribishwa, na amehesabiwa.

Lugha na jaketi

Kuna suala jingine ambalo halipewi uzito. Sheria imeandikwa kwa Kiingereza. Katika mialo ya Ziwa Albert na Nile utasikia Kialur, Kilugbara, Kimadi, Kigungu, Kilendu, na kati yao Kiswahili, ambacho Nile Magharibi kilienea kwa njia ya jeshi na biashara ya mpakani. Baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022. Matumizi moja ya haraka ya uamuzi huo yangekuwa kibao kwenye kila mwalo, chenye idadi ya watu kwa kila chombo, kwa lugha ambayo mvuvi wa Kongo na kijana wa Koboko wote wanaisoma.

Jaketi nazo zina mkasa wao. Katika ajali ya Mukono, taarifa zilizofuata zilieleza kuwa baadhi ya watu hawakutaka kuzivaa. Si ajabu. Mtu aliyevaa nguo ya sherehe haoni sababu ya kujifunika plastiki ya rangi ya chungwa, hasa ikiwa wenzake hawakuvaa. Vilabu vina jibu rahisi kwa hilo: nahodha huvaa kwanza, tena akiwa bado nchi kavu. Anayevaa peke yake huonekana mwoga. Anayevaa baada ya nahodha huonekana mtii.

Katika wiki zijazo, mechi za kirafiki, harusi na matembezi ya sikukuu yatapangwa tena kutoka Buliisa hadi Pakwach na Obongi. Watakaoyapanga si maafisa wa wizara. Ni makatibu wa timu, wenyeviti wa vijiji, viongozi wa makanisa na misikiti, na vijana wanaokusanya michango ya mafuta kupitia simu. Tayari wana orodha ya waliochanga. Orodha hiyo, ikinakiliwa na kuachwa kwa mtu anayebaki kijijini, ni nusu ya kazi ya klabu. Nusu ya pili ni kukubaliana, siku ya kikao na si siku ya safari, kwamba fulani ndiye atakayesimama ubaoni na kuhesabu wanaopanda, na kwamba akifika idadi ya chombo, yule anayefuata atangoja mashua ya pili, hata akiwa nahodha wa timu.